Ghorofa ya Tatu

Tbilisi, saa mbili na robo asubuhi. Kibaridi.
Nimekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
daftari gotini, wino ndani ya kifuniko cha chupa.
Askari amekataza kamera.
Penseli hakuitaja.

Naanza na roshani ya mbao, maana ndiyo itakayotangulia:
nguzo saba, moja imefungwa waya,
soksi za mtu bado ziko kambani.
Tingatinga linakohoa, halijawaka vizuri.
Bibi Tsiala ametoka na kiti, na cherehani,
na mlango. Mlango mzima, kaubeba mjukuu wake Vazha.
"Na kengele uichore," ananiambia. "Ilikuwa inalia."
Nachora kengele. Mlio namwachia yeye.

Askari kaja kuchungulia begani pangu.
Nazuia pumzi. Anajitazama karatasini, kimya,
kisha: "Tumbo hilo si langu."
Ni lako, afande.
Haya, nakupunguzia mstari mmoja.

Mvua. Tone limedondokea paa, paa likayeyuka
kabla tingatinga halijalifikia.
Naharakisha: dirisha, dirisha, bomba,
mkono wangu na lile koleo la chuma
tukigombea ukuta mmoja.

Ghorofa ya tatu sikuiwahi.
Nyumbani ningeweza kuijaza kwa kukisia,
madirisha mawili, pazia, labda paka.
Nimeiacha nyeupe.
Pembeni nimeandika saa: nne kasoro tano.
Vumbi lililonasa kwenye wino
sikulipangusa.