Karata ya Mvua

Isyesye, Julai. Baridi imeingia ndani kabla yetu,
imevuta kigoda, imenyoosha miguu.
Umeme umekatika tangu saa moja.
Tableti ina asilimia thelathini na moja
na ufa unaopinda katikati kama barabara ya Tukuyu,
na Ambilikile anasema: leo tufunue.

Kufunua ni kitufe kidogo, kwenye mipangilio,
chini ya sauti na lugha.
Sijawahi kukigusa. Miaka miwili tumecheza zikiwa zimefunikwa,
karata zake zikinipa mgongo,
mgongo wa bluu wenye nyota moja,
nami nikimshinda, nikimshinda tena,
na ushindi huo nikiuita akili.

Nimelelewa hivyo. Mama aliuza viazi Uyole
na bei haikutoka mdomoni:
dalali aliingiza mkono chini ya kitenge chake,
wakabanana vidole, viwili, vitatu na nusu,
sisi watoto tukitazama kitenge kinavyofurukuta
kana kwamba kuna kuku ndani.
Gunia lenyewe lumbesa, limeshonewa kofia,
na chini, penye giza, vile vidogo vya kijani.
Ukifunua, alisema Mama, umeshauza.

Sasa hizi hapa. Tano zangu, tano zake,
zimeanikwa kama nguo kwenye kamba.
Askari watatu wa alama mbilimbili. Daraja.
Na ile ya Mvua,
ambayo ikishuka inazima kila moto uwanjani,
na jeshi langu lote ni moto.

Nilidhani itakuwa rahisi. Kumbe giza ndilo rahisi:
gizani ukishindwa unasema bahati,
unasema ningejuaje, unachanganya upya.
Hapa hakuna wa kumsingizia.
Nazijua karata zake kama ninavyozijua kandambili zake mlangoni,
na bado sijui atafanya nini.
Siri imehama tu,
imetoka kwenye karata ikapanda usoni,
pale juu ya nyusi, anapojikuna.

Raundi ya tatu, najipanga kwa ajili ya mvua.
Ya nne, najipanga kwa ajili ya mvua.
Moto nauweka nyuma, nauinamia,
namtoa Farasi, nautoa Mnara,
na yeye anasogeza vijiaskari vyake
polepole, kama mtu anayepalilia,
na mvua imekaa palepale mkononi mwake,
inaning'inia.

Asilimia kumi na mbili.
"Dada."
"Cheza."
"Ile barua ya Ludewa. Unaenda lini?"

Niliizika kwenye debe la unga,
ndani ya mfuko wa nailoni, chini kabisa, siku tisa zilizopita.
"Mimi ndiye nasongaga ugali," anasema,
wala hainui macho.

Siku tisa amechota unga kuizunguka barua,
pembeni, kwa kikombe,
akarudishia juu yake, akasawazisha.
Na mimi nikimtazama akila, nikisema moyoni:
hajui, mdogo bado, nitamwambia Jumapili.

Nina mengi ya kushusha. Kodi imelipwa hadi Desemba.
Shangazi Tumwisike atakuja kulala hapa.
Mshahara wa kwanza ni sare yake na viatu.
Yote mazuri, na nikiangalia sioni hata moja
ninaloweza kuliweka mezani
lisinuke unga.

"Tarehe tatu," nasema. "Mwezi ujao."
Anaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei anayoijua.
Askari wake wa mwisho anaingia ngomeni kwangu
na hakuna wa kumzuia. Wote wako nyuma, wanalinda moto.

Kioo kinaandika jina lake, kisha kinazimika.

"Mvua hukuicheza," nasema gizani.

Namsikia akitafuta kandambili kwa mguu, moja, halafu nyingine.
"Ya nini?" anasema. "Si ulikuwa unaiona."