Aliyetikisika

Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga,
ila wahenga hawakupanda lifti ya Jengo la Prendergast,
kizimba cha shaba kinachokohoa kati ya saba na nane
na kusimama kikipenda.
Naingia saa tatu usiku na ndoo yangu.
Nje theluji ya Buffalo imeyafunika magari kimyakimya,
na ghorofa kumi na tatu zinanisubiri.

Wenyeji waliiogopa kumi na tatu, wakairuka:
vitufe vinatoka kumi na mbili hadi kumi na nne.
Mimi nazihesabu kwa mgongo. Mgongo haudanganyiki.

Ghorofa ya nne pana picha, mwaka 1895.
Mifupa ya chuma, bado haijavishwa kitu,
na wanaume kumi na mmoja juu ya boriti
kama kunguru juu ya waya.
Chini yao majina kwa wino uliofifia:
Cormac Tuohy. Szczepan Wrona. Anselm Vogt...
Wa kumi na moja hana sura, ana ukungu.
Alitikisika. Labda alipiga chafya,
labda kuna aliyemwita kutoka barabarani.
Mwandishi aliandika tu: *na mwingine*.

Kabla yao mji huu ulikuwa tumbo:
meli zikitapika ngano, mfereji ukimeza,
na nyumba zilikuwa za mawe, nzito, zenye kiburi cha mawe.
Ukitaka kupanda juu, nenepesha ukuta wa chini;
panda tena, nenepesha tena,
mpaka duka la kofia likawa pango
na muuza kofia akawasha taa saa sita mchana.

Ndipo mtu fulani akauambia ukuta: pumzika.
Chuma kibebe, wewe uvaliwe.
Ukuta ukawa kanzu,
haubebi mwili, unaning'inia mabegani.
Wakaushona kwa udongo wa kuchoma,
rangi ya chungu kipya, majani na mizabibu kila kigae,
hata kule juu
ambako hakuna jicho la kuyaona ila la njiwa.

Kisha maporomoko ya Niagara yakafungwa nyaya,
yakaletwa mjini usiku, yakawashwa.
Watu walisimama njia panda, shingo nyuma, kofia zikianguka.
Mji ukajiona mrefu.
Ukaongeza reli, ukaongeza moshi, ukaongeza watu,
kila mmoja na kitongoji chake, na mkate wake, na kanisa lake.

Sitasema mengi kuhusu yaliyofuata.
Meli zilipata njia nyingine.
Tanuri za chuma zilipoa, moja, halafu zote.
Vioo vikavunjika, njiwa wakawa wapangaji wasiolipa,
na siku moja ikaja mashine yenye mpira wa chuma.
Ilimkuta Philomena Tuohy mlangoni,
mpiga chapa mstaafu wa ghorofa ya tisa,
juu ya kiti cha kukunja, akifuma soksi.
Hakupiga kelele. Alifuma siku kumi na tisa.
Sijui soksi zilikuwa ngapi.

Mama aliniuliza kwa simu kutoka Uvira:
hilo jengo ni refu kiasi gani?
Nikamwambia. Akanyamaza, akapiga hesabu.
*Na walio juu, maji huwafikia?*
Huwafikia, mama. Mimi ndiye ninayeyapandisha, kwa ndoo.

Usiku wa leo nimekifuta kioo cha picha,
pumzi yangu ikakitia ukungu palepale kwa yule asiye na jina,
nikafuta tena, ukungu wake haukutoka.
Waliotulia wameandikwa.
Yeye alikuwa na jambo la kufanya.

Sasa lifti imegoma kati ya saba na nane.
Simu ya dharura inalia, haipokelewi.
Nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nasikia chuma kikinywea kwa baridi, tak, tak,
kama mtu anayepanda polepole bila ngazi.
Aliye juu mngoje chini, sawa.
Na aliye katikati?