Duara la Pili

Kuopio, Januari. Saa tatu asubuhi na bado giza.
Seija Räihä ameweka chini ya hadubini
kipande cha ubongo wa panya,
chembamba kuliko ganda la kitunguu.

Katikati kuna doa. Amiloidi:
taka za protini zilizojifunga fundo, zikakataa kuzolewa.
Analizungushia duara, kisha duara nje ya duara,
anaanza: seli moja, seli ya pili,
kidole gumba kikibofya kihesabio
kilichokuwa cha baba yake, Urho.
Nambari saba imefutika;
saba huisoma kwa imani.

Urho alihesabu misonobari ya serikali.
Akikuta shina lililooza mizizi
alilifunga kamba, akazunguka nayo thelujini,
akigonga kila mti kwa mpini wa shoka, sikio tayari:
huu mzima. Huu mtupu.
“Usiandike unachohofia,” alimwambia bintiye.
“Andika kilichosimama.”

Kilichosimama ni hiki:
duara la kwanza, seli nne penye nafasi ya tisa.
La pili, sita.
La tatu, tisa kamili, na kuanzia hapo
ubongo hauna habari,
kama jirani aliyelala fofofo
na ng'ambo ya ukuta wanalia.

Lakini je, zimekufa, au zimesukumwa?
Mnene akikaa kwenye benchi, wenzake husogea.
Kama zilisogea, duara la pili lingefurika.
Anahesabu tena la pili.
Sita.
Anavua miwani, anaifuta, ingawa haina vumbi.

Ni panya yupi, hajui. Kibandiko kina herufi tu;
orodha anayo Daktari Ilmonen hadi Ijumaa,
ili moyo usilisaidie jicho.
Hata hivyo vidole vyake vinamkumbuka mmoja,
wa kizimba cha kumi na nne,
aliyechana karatasi kila jioni akajenga kiota,
mpaka juma moja akaiacha karatasi
kama ilivyoletwa.

Nje kumepambazuka bila rangi.
Juu ya ziwa lililoganda mtu anapita na mbwa;
mahali fulani mbwa anasita,
na wote wawili wanazunguka mbali,
wakipaacha pale palipo pembamba.

Madoa mia na kumi na sita yamebaki.
Seija anarudisha kihesabio kwenye sufuri,
anainama.
Moja.