M, V, N, R, D

Umeme ukikatika Bombo
shangazi Mastula haulizi mshumaa uko wapi.
Anasogeza kando tabaga anayoisuka,
anamwaga maharagwe mkekani, anasema:
"Lete mifupa."

Mifupa ni konsonanti. Nyama tunatia wenyewe.
Namtupia K, L, M
naye anavuna kama aliyepanda jana:
kalamu, kilima, kilema, kulima,
ukilima, akilima, wakalala njaa — hapana, hilo anajifutia mwenyewe,
anarudisha punje kwa haki.

Mb ni mfupa mmoja. Ng' ni mfupa mmoja.
Sh haikatwi vipande viwili kama muwa.
Kwa ajili ya dh tulinuniana juma zima:
kinywani mwake ni z, kinywani mwangu d ya uvivu,
mpaka tukaitoa mchezoni
kama mgeni anayechagua chakula.

Nikimpa S, M, yeye huona soma.
Mimi, niliyeishiwa salio, naona simu.

Usiku huu ameleta kopo la biskuti
na ndani yake barua ya baba yake, askari wa Moroto,
herufi za Kiarabu, Kiswahili cha kambini,
bila irabu hata moja,
kuku aliyenyonyolewa mpaka ncha ya mkia.
Mstari wa mwisho, juu ya jina lake:
M, V, N, R, D.

Mama yake alisoma: *Mvua, narudi.*
Misimu mitatu alifukiza nyumba udi
na kuchoma gurusa za watu wawili.
Kaka yake Rehani alisoma: *Mvi, narudi,*
akasema basi, tumngoje akizeeka.
Shangazi, mtoto wa miaka tisa wakati huo,
alisoma *nirudi?*
akashangaa kwa nini hakuna aliyemjibu.
Jibu lilikuwa mifupa miwili tu: R, D.

Nageuza karatasi kwenye mwanga wa simu.
"Mvua ina radi," nasema.

"Nini?"

"Mvua ina radi. Anakueleza hali ya hewa.
Mtu kakaa chini ya mabati, hana la kuandika,
anaandika anachokisikia."

"Hiyo i ya mbele umeitoa wapi?"

"Sheria yako, shangazi. Irabu ni bure."

Ananyamaza.
Kambini tarumbeta inalia, inakosea noti ileile ya kila siku.
Anaikunja barua pale pale ilipozoea kukunjwa,
anafunga kopo, anabonyeza mfuniko kwa kiganja,
anabonyeza tena ingawa umeshafunga.

Upande wa Wobulenzi kunamulika.
Tunahesabu wote wawili, kimoyomoyo, midomo ikicheza:
moja, mbili, tatu, nne —
inapiga.

Bila kunitazama
ananisukumia punje moja ya haragwe,
iliyopasuka, nusu.