Ghala la Vifukofuko

Hariri ilipokuwa rehani,
benki yetu ya bonde la Chikuma ilinuka viwavi.
Ghorofa tano za mbao, madirisha mia na ushei,
na babu, Kurashina Tokujiro, karani wa ghala,
kazi yake kuyafungua jua likichomoza
na kuyafunga kabla umande haujaingia,
maana kifukofuko chenye unyevu ni deni lililooza.

Hakuamini mizani peke yake.
Alichukua kimoja, akakitikisa sikioni:
kikilia cheke-cheke, mdudu kakauka, fedha zitoke;
kikinyamaza, rudi nacho, bwana, kesho kutwa.
Ndivyo wenye viwanda walivyokopa
kila miforsadi ilipochipua,
wakalipa wasichana wa kusokota nyuzi,
wakanunua makaa, wakaozesha mabinti.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Daftari tulikuwa nalo. Mali iliisha na habari tukapata,
kwa simu ya maandishi, mwaka wa thelathini:
ng'ambo hawanunui tena, bei imeanguka nusu.
Ghala limejaa hadi darini
na lote halifikii mikopo.

Ninalo daftari hilo mezani, pembe zimeliwa na mende.
Kwa jina la Yazawa, pambizoni: *Tusubiri.*
Kwa jina la Komatsubara, ukurasa uleule: *Uza.*
Mwandiko mmoja. Siku moja.
Yazawa alikuja kutengeneza skrubu za saa,
wajukuu zake wanaweka akiba kwetu hadi leo.
Wa Komatsubara walihama; kiwanja chao
ndipo wateja wanapoegesha magari.
Nilimuuliza babu mara moja tu.
Akasema chai imepoa.

Mwezi wa tatu tunaungana na benki ya mji mkuu.
Kibao kipya kiko mlangoni, kimefunikwa nailoni.
Leo kaja Bi Orie, muuza miso. Mapipa yake ya mwerezi
yamenizidi umri; anataka fedha za kuezeka paa.
Kompyuta imempa alama mia nne na kumi na mbili,
kwa wino mwekundu usiolowa,
na nukta inapepesa, inangoja kidole changu.

Nikamwambia: twende nikayaone.
Njia nzima hakusema neno. Tulipofika akafunua kifuniko,
nami nikainama, na tai yangu, kama mjinga,
nikatega sikio.