Kipimo cha Bwana Tromans

Kaa hapa, Bwana Tromans. Vua kofia.
Chumba hiki kimevikwa sifongo, hata mvua ya Dudley haiingii.
Ukisikia mlio, hata mwembamba kama mbu wa nyumba ya jirani,
bonyeza.

Mia mbili na hamsini. Anabonyeza.
Mia tano. Anabonyeza kabla sijamaliza.
Sauti nene ni za kwao. Alizaliwa Cradley Heath,
nyuma ya karakana ya minyororo,
nyundo ya mvuke ikipiga hadi vikombe vinatembea kabatini
na mama yake akiimba juu yake
bila kujua kwamba anashindana.

Elfu moja. Anabonyeza.
Mwaka wa sitini na tisa, vijana wanne, amplifaya moja ya mkopo,
ghorofa ya juu ya baa iliyonuka bia na mbwa.
Walijiita Coldshut, neno la wahunzi:
kiungo cha mnyororo kilichofungwa chuma kikiwa kimepoa,
kinaonekana kizima, na si kizima.
Mwandishi mmoja wa Birmingham aliwapa miezi sita.
Aliandika ukurasa mzima; kwetu Pangani tungemaliza kwa mstari mmoja:
ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Elfu mbili.
Anasita. Anabonyeza.
Hapo yumo Raybould, sauti yake mlango wa tanuri unaofunguliwa,
aliyeondoka mara tatu na kurudi mara nne
(usiniulize hesabu, asema, mimi ni mpiga gita);
yumo Foley wa besi, aliyenunua farasi kabla ya nyumba
akalala naye zizini majira mawili ya baridi;
imo Detroit, watu wakirusha viatu kwa mapenzi,
vya kushoto tu, hakuna ajuaye kwa nini;
na Wolverhampton, mwaka wa tisini na tatu, hevi metali imeshazikwa,
ukumbini watu kumi na mmoja, mmoja wao msafishaji.
Walipiga saa mbili kamili.
Msafishaji aliomba wimbo mmoja urudiwe. Ukarudiwa.

Elfu tatu.

Elfu nne.

Naongeza. Naongeza tena.
Kwenye karatasi mstari wangu unaporomoka
kama mtu aliyekosa ngazi gizani.
Yeye anangoja, kidole juu ya kitufe, ana adabu,
mtoto aliyeambiwa basi litakuja.

Huko juu ndiko anakoimba robini wa bustani yake.
Huko kuna herufi s, na herufi f,
na mjukuu aitwaye Jess, ambaye kwake siku hizi ni Je,
swali lisilomaliziwa.
Huko kuna matoazi ya Garth Billingham,
waliyemzika mwezi Machi
na vijiti vyake mfukoni.

Namulika sikio kwa taa, la kulia, kisha la kushoto.
Ngoma haijapasuka.
Imetanda, inang'aa kama lulu, miaka hamsini na mitano ya kelele
na haina hata ufa.
Ni vinyweleo vya ndani kabisa vilivyolala,
nyasi zilizoumia. Tembo walikuwa wanne.

Namwonyesha kifaa, kidogo kuliko punje ya korosho.
Anakigeuza kwa vidole vya kushoto, ncha ngumu kama kwato.
Nikivaa hiki, nitamsikia Garth?
Kwenye kanda, namjibu. Labda.
Anatikisa kichwa muda mrefu kuliko jibu lenyewe.

Halafu nasema yale ninayolipwa kuyasema:
Julai, kwenye onyesho la mwisho, simama mbali na spika.
Ziba masikio. Punguza sauti, Bwana Tromans, hata kidogo.

Ananitazama usoni, macho ya kijivu, makavu.

Nini? asema.

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.