Daftari la Igombe

Saa kumi na moja na nusu, mawe bado yana ubaridi wa usiku,
nimewapanga juu ya jabali: watu saba, darubini tatu,
na moja kioo chake kina ufa, hivyo ukiitazamia
kila ndege ana pacha.

Nawaambia, msinyooshe vidole,
ndege huogopa kidole kuliko jiwe. Tajeni saa.
Mnara wa simu ule mbele yetu uwe kumi na mbili.
Mwalimu Bwire, mstaafu wa hesabu, anakohoa:
"Ya mshale, au ya Kiswahili?"
Kweli. Nilipotaja saa tatu
nusu yao waligeukia uwanja wa ndege, nusu ziwani,
na korongo niliyemtaja akaondoka zake
bila kujua ni saa ngapi.

Basi tukarudi kwenye vitu. Kushoto kwa mtumbwi wa buluu.
Chini ya kanga iliyoanikwa. Pale penye mavi meupe.

Machi inakatika. Sisi tuna matope,
wao wana safari.
Mbayuwayu wamejaa kwenye waya wa umeme, bega kwa bega,
kila mmoja kama ndiye aliyechelewa.
Membe wanashuka na kuchota wadudu wa ziwa
wapandao majini kama moshi usio na moto,
moshi unaoingia puani, kwenye chai, katikati ya sala.
Tekla, muuguzi wa Bugando, katoka zamu ya usiku;
anahesabu kwa kunong'ona, kama ahesabuvyo matone ya dripu,
akifika mia na kumi anapiga mwayo, anaanza upya.

Wanakwenda wapi? anauliza Shija, wa darasa la sita.
Namtajia nchi. Nazitaja kwa uhakika
wa mtu ambaye hajavuka Bukoba.

Tulichokuja kukitafuta ni mguu mmoja.
Wa kitwitwi, mtikisa mkia, mkubali kila neno,
aliyevishwa pete ya njano na watu wa utafiti
huko mbali, kwenye kiangazi kisicho na usiku.
Saa mbili nzima tumetazama miguu.
Miguu ya kijani, miguu ya matope,
miguu ya mtoto aliyekuja kututazama sisi.
Pete hakuna.

Nyuma yetu, ufagio. Tangu alfajiri, ufagio.
Nyamizi anafukuza ndege kwenye dagaa zake,
vuu, vuu, nami nimeshamgeukia mara mbili:
mama, tafadhali, hawa tunawatazama.
"Na mimi nawalisha," kasema, bila kuinua uso.

Ni Shija aliyemwendea na picha ya kitabuni.

"Huyu? Wa bangili? Si jirani yangu huyu!
Yuko hapa tangu mvua za vuli. Simfukuzi,
hagusi dagaa, ananilia nzi.
Anakaa pale, kwenye kona ya turubai.
Juzi nikamwona kanenepa, nikajua anaaga."

Tukaenda wote saba, kwa ncha za vidole, tukainama.
Nyayo ndogo mchangani, zinakwenda mpaka ukingo wa maji,
na manyunyu yakianza kuzijaza moja moja.
"Na leo?"
"Leo hajaja."

Nikafungua daftari. Tarehe. Mahali. Hali ya hewa.
Penye Idadi nikasita: mmoja, au sifuri?
Nikamtazama Mwalimu Bwire. Alikuwa anafuta miwani.
Penye Mwangalizi nikaandika Nyamizi,
nikamwomba jina la baba yake, alitaje polepole.
Akalitaja. Akachungulia kama nimelipatia.

"Wakirudi," akauliza, "hurudi yuleyule?"
Mara nyingine, nikasema, na hilo nalo
nilikuwa nimelisoma tu.

Akaokota ufagio, akaenda upande wa pili wa chanja.
Kule kwenye kona nzi walikuwa wengi.
Tekla alikuwa amesinzia juu ya jabali, darubini kifuani,
ile ya ufa,
na membe mmoja akapita juu yake, chini kabisa,
hakuna aliyemwandika.